Mstari Nilioufuta

Niliufuta mstari ule kwa raba ya mwanafunzi, saa saba mchana, darasa likiwa limekwenda kula. Nilipomaliza nilipuliza vumbi la raba kutoka kwenye karatasi, nikatupa jicho mlangoni, kisha nikaipiga ramani picha kwa simu na kuituma ng'ambo kabla sijajiuliza ninafanya nini. Wiki nzima iliyofuata sikuweza kutulia kwenye kiti. Nilisahihisha madaftari nikiwa nimesimama. Nilianza sentensi ubaoni na kuimalizia dirishani.

Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari ya kutwa, si mbali na Garsen, kwenye bonde la mto Tana. Mimi ni Mpokomo wa Kinakomba, mtoto wa wakulima wa ndizi na mpunga. Katika darasa langu nusu ya wanafunzi ni watoto wa wakulima kama nilivyokuwa mimi. Waliobaki, wengi ni Waorma, watoto wa wafugaji, na wachache ni Wasomali ambao wazazi wao wana maduka mjini. Sare yao ni moja na tangi lao la maji ni moja. Lakini ukisimama kwenye baraza ya ofisi wakati wa mapumziko, utauona uwanja umegawanyika vipande viwili, na katikati pana nafasi tupu ambayo hakuna mtu aliyeamuru iwepo.

Nafasi hiyo nilikuwa nimeizoea. Mwaka ule wakulima na wafugaji walipopigana, nilikuwa chuoni, mbali na nyumbani. Nyumba ya shangazi yangu ilichomwa. Mama alikaa siku nyingi kwenye darasa la shule ya msingi pamoja na majirani, na aliporudi kwake alikuwa mtu mwingine, mtu wa kushtuka. Upande wa pili nao walizika watu wao. Hilo nililijua, lakini nililijua jinsi mtu anavyojua habari ya redioni.

Kisha nikachaguliwa kwenda kozi ya wiki tatu ya walimu kutoka nchi nyingi, huko Ulaya kwenye baridi. Siku ya kwanza tuliombwa kila mmoja aeleze shule yake. Nilisimama nikasema wanafunzi wangu ni wa makabila mbalimbali na wanaishi kama ndugu. Watu walipiga makofi. Aliyenifuata kusema alikuwa mwalimu wa historia, mzee wa ndevu za mvi, kutoka mji uliokatwa katikati na mto, dini moja ng'ambo hii, nyingine ng'ambo ile.

"Wanafunzi wangu hawaishi kama ndugu," alisema. "Wengi hawajawahi kuvuka daraja la mji wao wenyewe."

Hakupigiwa makofi. Nilikaa nikiangalia meza, masikio yakiniwaka moto. Jioni, kwenye foleni ya chakula, aliniuliza kwa upole, "Hao ndugu wa kwako, wanakula pamoja?" Nikamjibu kwamba wakati mwingine hula pamoja. Alitikisa kichwa tu, na nadhani alijua. Kabla hatujaagana alipendekeza tuunganishe madarasa yetu, watoto waandikiane, na mimi nikakubali upesi mno, kama mtu anayetaka kulipia uongo wake.

Ndivyo tulivyoanza chama chetu cha shule rafiki. Wanafunzi ishirini walijiandikisha. Tulikutana Alhamisi, kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana, kwenye chumba chenye kompyuta tatu zinazofanya kazi, na mtandao tuliupata kwenye simu yangu ambayo ilibidi niiweke juu ya kabati ili ishike. Kazi ya kwanza ilitoka kwa yule mwalimu mzee. Kila darasa lichore ramani ya kwao kwa mkono, bila kunakili popote, na kulitumia darasa lile lingine.

Ramani yao ilifika kwanza. Upande mmoja wa mto walikuwa wamechora kila kitu, duka la mikate, kituo cha basi, uwanja wa mpira, hata nyumba yenye mbwa mkali. Upande wa pili karatasi ilikuwa nyeupe. Katikati ya weupe ule mtu alikuwa ameandika, "Hatujui."

Wa kwanza kusema alikuwa msichana mrefu wa Kipokomo, wa kidato cha tatu, ambaye hapitwi na neno.

"Madam, yaani hawa hawajui majirani zao?"

Baadhi wakacheka. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikuwepo msichana wa Kiorma anayechora vizuri kuliko wote, anayeshika kalamu kwa mkono wa kushoto. Alisema bila kuinua kichwa, "Na wewe, kwetu unakujua?"

Yule mrefu akarudi kuitazama ramani ya ng'ambo.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama na kuwaacha waendelee kuongea. Badala yake nikasema haya, tuanze kuchora. Na ili kusiwe na fujo nikawagawa makundi mawili, watoto wa wakulima meza hii, watoto wa wafugaji meza ile, kila kundi lichore nusu yake, halafu tuunganishe. Nilijiambia ni mpango wa kazi tu.

Tulipounganisha karatasi, siku ile niliyoufuta mstari, msichana wa mkono wa kushoto alikuwa amechora njia nene kutoka malishoni hadi mtoni. Akaandika jina la njia hiyo, malka. Hiyo ndiyo njia ambayo wafugaji hupitishia mifugo yao kwenda kunywa maji, na kila mtu wa Tana analijua neno hilo, awe ana ng'ombe au hana hata kuku. Tatizo ni kwamba kwenye nusu ya pili ya ramani, mahali palepale ilipoingia ile njia, kundi lingine lilikuwa limechora migomba. Lilikuwa shamba la mama yake yule msichana mrefu.

Kengele ya chakula ililia kabla hawajaligundua hilo. Wakatoka mbio. Nikabaki na ile karatasi. Niliona kabisa kitakachotokea Alhamisi ijayo, maneno, kisha maneno yafike nyumbani, kisha yafike kwa wanaume. Nikachukua raba.

Majibu kutoka ng'ambo yalikuja baada ya siku saba. Pamoja na ramani tulikuwa tumewatumia video fupi ya ng'ombe wakipita barabarani kwenye vumbi, mamia yao. Nilianza kusoma barua yao kwa sauti mbele ya chama bila kuipitia kwanza. Mtoto mmoja wa huko alikuwa ameuliza, "Kwenye video tumeona ng'ombe wengi sana. Lakini kwenye ramani yenu mto wote umezungukwa na mashamba. Ng'ombe wanakunywa maji wapi?"

Msichana wa mkono wa kushoto alinyanyuka. Akaenda ukutani tulipobandika ramani, akapitisha kidole taratibu mahali pale. Alama ya penseli ilikuwa bado inaonekana kidogo.

"Mimi nilichora malka," akasema. "Nani ameifuta?"

Macho yote ya meza yake yakageukia meza ya pili.

"Si sisi!" Yule mrefu aliruka, benchi likaanguka. "Mnatuangalia nini? Kila kitu ni sisi?"

"Nani basi? Shamba ni la nani?"

Kulikuwa na kelele sasa, na lugha zilikuwa zimebadilika. Kiswahili walikiweka kando, kila upande ukashika lugha ya nyumbani, na mvulana mmoja alikuwa tayari amekunja mikono ya shati. Nilitembea kutoka ubaoni hadi dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Ningeweza kusema karatasi ilichafuka, nikaisafisha. Ningeweza kusema tutaulizana baadaye. Maneno yote hayo yalinijia, na yote yalikuwa rahisi.

"Ni mimi," nikasema. Hawakunisikia. Nikapiga meza kwa kiganja. "Ni mimi niliyefuta!"

Wakanyamaza. Msichana wa mkono wa kushoto akanigeukia.

"Kwa nini, madam?"

"Niliogopa."

"Ulituogopa sisi?"

Alikusanya madaftari yake. "Basi hata wewe," akasema, akatoka. Alhamisi iliyofuata hakuja, na ile iliyofuata pia.

Nilimwandikia yule mwalimu mzee nikamweleza yote, kuanzia uongo wangu wa siku ya kwanza. Jibu lake lilikuwa fupi. Alisema yeye aliwahi kulificha gazeti zima darasa lake lisilione, na wanafunzi wakalisoma kwingine, wakaacha kumwamini kwa muhula mzima. Mwisho akaandika, "Swali la ng'ombe usilijibu wewe. Watoto wangu wanasubiri kujibiwa na watoto wako."

Siku mbili baadaye yule msichana mrefu alinifuata ofisini. Alisimama akichezea kamba ya begi.

"Madam, lile shamba ni letu, lakini ule upande wa malka mimi sijawahi kufika. Mama hunikataza tangu nikiwa mdogo. Hata kama ningekuwa nimefuta mimi, ningekuwa nafuta kitu nisichokijua." Akavuta pumzi. "Si twende tukaone?"

"Peke yetu haifai," nikamwambia. "Kwanza kuna mtu wa kuombwa radhi."

Jumamosi hiyo nilipanda bodaboda hadi kwao msichana wa mkono wa kushoto. Njia ilipita katikati ya mathenge, ule mti wa miiba uliovamia kila mahali, na tulifika kwa nusu saa tu. Nusu saa. Nilikuwa nimeishi sehemu hizi miaka yote na nilikuwa nimevuka bahari kwa ndege, lakini nusu saa hiyo sikuwa nimewahi kuisafiri.

Mama yake alinipa kigoda na kikombe cha chai ya maziwa. Msichana alisalimia na kukaa mbali. Aliyekuja kuongea nami alikuwa babu yake, mzee mwembamba mwenye kofia na fimbo, ambaye Kiswahili alikuwa amejifunza sokoni.

"Wewe ndiyo mwalimu nafuta malka?"

"Ndiyo, mzee. Nimekuja kuomba radhi."

"Malka, hata mafuriko haifuti. Wewe nafuta na raba!" Akacheka hadi akakohoa. Kisha kicheko kikaisha kama kilivyoanza. "Unajua mtoto yangu kubwa alikufa mwaka ile? Baba ya huyu. Alikufa karibu na maji."

Nilikuwa nimemfundisha msichana yule karibu miaka mitatu na sikujua kwamba hana baba. Nilimwambia pole. Halafu, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa, nikamweleza habari ya nyumba ya shangazi yangu na ya mama yangu. Alisikiliza akichora chini kwa ncha ya fimbo. Msichana naye alikuwa amesogea, sikumwona aliposogea.

"Mtoto atarudi kwa chama," mzee akasema mwishoni. "Lakini chora kweli. Mbaya chora, nzuri chora."

Tulikwenda kuitazama malka Jumamosi iliyofuata, wanafunzi kumi na wawili wa pande zote mbili, pamoja na barua ya mwalimu mkuu mfukoni mwangu. Tulipanga kuifuata kutoka malishoni hadi mtoni tukihesabu hatua. Tulianza vizuri. Walikuwa wanabishana kuhusu nani ana hatua ndefu. Tulipokaribia migomba, wanaume watano walitokea shambani na mapanga yao ya kazi, na nyuma yao alikuwepo mama wa yule msichana mrefu, kanga ameifunga kiunoni.

"Mnapima ardhi ya nani?" mmoja akauliza.

"Ni kazi ya shule," nikasema.

"Kazi ya shule na wazungu! Tumeshasikia. Mnawapimia wafugaji shamba la huyu mama."

Kabla sijajibu nikasikia mbio nyuma yetu. Vijana sita wa Kiorma walikuwa wamefika na fimbo, nao walikuwa wameambiwa kwamba shule inakwenda kuifunga malka. Uvumi ulikuwa umetembea pande zote mbili, kila upande ukapata wake. Tukawa katikati, mimi na watoto kumi na wawili wenye sare, na karatasi ya manila imekunjwa kwapani. Nilifungua barua ya mwalimu mkuu nikaanza kuisoma, na hakuna aliyesikiliza. Nakumbuka nilikuwa na wazo moja tu kichwani, kwamba nimewaleta watoto wa watu kwenye hatari kwa sababu ya ramani.

Yule msichana mrefu akaninyang'anya simu. Aliitafuta ile barua ya ng'ambo, akapanda juu ya kisiki, na kwa Kipokomo, kwa sauti ile ile niliyokuwa naikemea darasani kila siku, akawaeleza kwamba kuna watoto mahali mbali waliouliza jambo moja tu. Waliona ng'ombe wengi kwenye video, wanataka kujua wanakunywa wapi. Alipomaliza, msichana wa mkono wa kushoto akapanda kwenye kisiki kilekile, akalitafsiri swali kwa Kiorma, akiwatazama wale vijana.

"Wanauliza hivyo tu?" mama akamwuliza binti yake.

"Hivyo tu, mama."

"Hawajui kwamba ng'ombe hunywa mtoni?"

"Wanajua. Wanauliza wanapita wapi."

Mmoja wa wale vijana akacheka, si kicheko cha kudharau, kilimtoka tu. Mama alishusha pumzi, akaangalia migomba yake. Alipozungumza alizungumza Kiswahili ili wote tusikie.

"Njia ilikuwepo. Nani atakataa? Shamba letu lilikuwa kule mbele, mto ukalila mwaka wa mafuriko, lote, pamoja na miembe. Mume wangu akapanda hapa kwa sababu hatukuwa na pengine. Mngekuwa nyinyi mngepanda wapi?"

"Sisi hatujui mto ulikula shamba," kijana mmoja akasema. "Sisi tuliona tu migomba."

"Na mimi niliona tu ng'ombe wakila migomba yangu."

Hakuna waliokumbatiana siku ile. Walibishana hadi jua likawa utosini, kuhusu malka ilikuwa na upana gani, ilipinda wapi, nani alianza. Wanaume wawili waliondoka kwa hasira. Lakini mapanga yaliwekwa chini kwa sababu mikono ilihitajika kuonyesha, na wanafunzi wangu walikuwa wanakimbia huku na huku wakichomeka vijiti mahali palipotajwa. Ramani tuliyochora baadaye ilikuwa na malka tena, mstari kamili hadi penye migomba, na kutoka hapo nukta nukta hadi mtoni. Pembeni wasichana wale wawili waliandika maelezo marefu kwa mikono miwili tofauti, kila mmoja ya kwake. Mahali mto ulipolila shamba walipaka rangi ya buluu.

Baba mmoja alimtoa mwanawe kwenye chama. Niliitwa na ofisi ya elimu kujieleza kwa nini nilitoka na wanafunzi nje ya shule, nikaandika barua ya kurasa tatu. Kiangazi kilipofika, mama yule alikata mistari miwili ya migomba ya pembeni na ng'ombe wakapitia hapo asubuhi, kwa zamu, vijana wakiwasimamia. Ndama mmoja aliingia shambani na pakazuka ugomvi mkubwa ulioisha kwa maneno. Kiangazi kijacho sijui kitakuwaje. Sijifanyi kujua.

Kutoka ng'ambo tulipata ramani mpya. Watoto wale walivuka daraja lao wakiwa na darasa la upande wa pili, na penye weupe sasa palikuwa na maktaba, kinyozi na mtaa mmoja wenye mteremko mkali. Sehemu kubwa ilikuwa bado nyeupe. Waliandika kwamba ramani yetu ndiyo iliyowatia aibu hata wakavuka. Nilipowasomea wanafunzi wangu sentensi hiyo walipiga kelele za furaha, kisha yule mrefu akauliza, "Yaani na wao walikuwa wanatuona sisi ndio wajanja?"

Wasichana wale wamemaliza shule. Mmoja yuko chuo cha ualimu, mwingine anasomea upimaji ardhi, na huyo ni yule wa mkono wa kushoto. Sidhani ni marafiki wakubwa. Najua huandikiana mvua ikichelewa.

Mimi bado situlii. Nikiona darasa jipya linakaa kwa pande, mwili unaniwasha. Mwaka huu nimeanza kujifunza Kiorma. Jumamosi naenda kwa yule babu, ananifundisha majina ya rangi za ng'ombe na kunicheka ninavyoyatamka. Juzi mama yangu, ambaye sasa anakaa kwangu, aliniona navaa viatu.

"Kila Jumamosi unakwenda wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia na jina la kijiji. Alikuwa anachambua mchele, mikono ikasimama juu ya ungo. Nilisubiri aseme neno, nimeshika kitasa, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Rudi mapema," akasema, akaendelea kuchambua.